Mvuke wa Migori na Pumzi ya Samaki wa Homa Bay

Mama akikaanga ngege jikoni mwake mjini Homa Bay, hana haja ya kupiga mbiu ili majirani wapate habari. Mafuta hayajapoa katika kikaango, na watoto wa nyumba ya tatu wamekwisha jua chakula cha jioni hiyo ni nini. Hakuna aliyewaambia, wala hakuna aliyewapelekea samaki. Harufu yenyewe imetoka katika kikaango, ikapita dirishani, ikawafikia puani.

Jambo hili tumelizoea hata hatuliulizi. Lakini yafaa tuliulize, kwa sababu sheria ileile ya maumbile inayoieneza harufu ya samaki ndiyo inayousaidia mvuke wa zebaki kuingia katika damu ya mtoto wa mchimbaji dhahabu huko Migori. Tena sheria hiyohiyo ni moja katika mambo yanayoamua kama samaki aliyefungiwa kizimbani ziwani ataamka hai kesho asubuhi, au ataonekana akielea tumbo juu. Wataalamu huiita sheria ya mtawanyiko. Katika makala haya tutaieleza kwa maneno mepesi, kisha tutatazama inavyofanya kazi katika kaunti hizo mbili jirani za kando ya Ziwa Victoria, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini.

CHEMBE ZISIZOTULIA

Kila kitu duniani, kiwe jiwe, maji au hewa, kimefanyika kwa chembe ndogo mno zisizoweza kuonekana kwa macho. Chembe hizo hazitulii kamwe. Katika jiwe zimeshikana, nazo hutetemeka tu mahali pake. Katika maji zimekaribiana, lakini kila moja yaweza kupenya katikati ya wenzake. Katika hewa zimeachana mbali, nazo huruka huku na huku bila kizuizi ila zile nyingine zinazokutana nazo njiani.

Mwendo wao ni wa ajabu. Chembe ya oksijeni katika hewa tunayovuta huruka zaidi ya mita 400 kwa kila sekunde. Kama ingepewa njia nyeupe, ingetoka Rongo na kufika mji wa Migori kwa muda usiozidi dakika mbili. Lakini haipewi njia hiyo. Katika kila sekunde moja hugongana na wenzake mara maelfu ya mamilioni, na kila ikigongwa hugeuzwa upande mwingine. Mfano wake ni mtu anayetaka kuvuka soko siku ya gulio: miguu yake ina nguvu na haraka anayo, lakini kila hatua anapigwa kumbo, mara kulia, mara kushoto, mara nyuma. Baada ya saa nzima hwenda akajikuta hatua chache tu kutoka mahali alipoanzia.

Sasa msomaji aweza kuuliza: ikiwa chembe hazijui ziendako, mbona harufu hutoka penye nyingi na kwenda penye haba, isirudi nyuma? Jibu lake ni rahisi. Tuseme kuna vyumba viwili vyenye mlango wazi katikati. Katika chumba kimoja tumeweka watoto mia moja waliofungwa vitambaa machoni, na chumba cha pili ni kitupu. Tukiwaambia watembee ovyo, hakuna mtoto atakayejua mlango uko wapi. Hata hivyo, baada ya muda tutakuta karibu hamsini huku na hamsini kule. Hakuna aliyewaongoza. Ni kwamba wanaoweza kutoka katika chumba kilichojaa ni wengi kuliko wanaoweza kurudi kutoka katika chumba kisichojaa. Idadi zikisha lingana, watoto hawaachi kutembea, ila wanaokwenda ni sawa na wanaorudi.

Huo ndio mtawanyiko. Mtaalamu wa Scotland, Thomas Graham, aliuchunguza katika gesi na kutangaza kanuni yake mwaka wa 1833, akaonyesha kwamba chembe nyepesi hutawanyika upesi kuliko nzito. Mwaka wa 1855 tabibu Mjerumani, Adolf Fick, alitoa kanuni ya hesabu yake: kadiri tofauti baina ya penye wingi na penye uhaba inavyozidi, ndivyo mtawanyiko unavyozidi nguvu. Kabla yao, mwaka wa 1827, Robert Brown alikuwa amekwisha ona katika hadubini vijivumbi kutoka katika chavua za maua vikichezacheza ndani ya maji bila ya kusukumwa na mtu. Albert Einstein alieleza sababu yake mwaka wa 1905: vijivumbi vile vilikuwa vikipigwa makumbo na chembe za maji zisizoonekana.

HEWA NA MAJI SI HALI MOJA

Sheria ni moja, lakini katika hewa na katika maji haiendi kwa mwendo mmoja. Maji yamesongamana. Oksijeni hutawanyika ndani ya maji polepole kuliko katika hewa kwa kadiri ya mara elfu kumi.

Mtu atakaye ushahidi na atie sukari katika kikombe cha chai, asikoroge. Funda la kwanza halitakuwa na utamu, na la mwisho litakuwa kama asali. Sukari imeyeyuka chini, nayo imeanza safari ya kupanda juu, lakini chai itapoa na kuchacha kabla safari hiyo haijatimia. Ndiyo maana Mungu akatupa kijiko! Kijiko hakibadilishi sheria ya mtawanyiko. Kinachofanya ni kuyachukua maji yenye sukari na kuyapeleka juu kwa mkupuo, hata kila chembe ibakiwe na mwendo mfupi tu wa kujitafutia.

Hapa pana jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika sana, maana ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata. Muda wa mtawanyiko hauongezeki sawasawa na umbali. Umbali ukiwa mara mbili, muda huwa mara nne. Umbali ukiwa mara kumi, muda huwa mara mia. Katika maji matulivu kabisa, chembe ya oksijeni huhitaji kadiri ya saa saba kwenda sentimita moja. Kwenda sentimita kumi huhitaji karibu mwezi mzima. Kwenda mita moja, ambayo ni kimo cha mtoto mdogo, huhitaji kadiri ya miaka minane. Lakini katika ukuta mwembamba kuliko unywele, chembe hiyohiyo hupenya mara moja, kufumba na kufumbua.

Basi mtawanyiko ni mjumbe hodari wa safari fupi na mjumbe goigoi wa safari ndefu. Safari ndefu huzifanya upepo, mawimbi na kijiko. Mtawanyiko humaliza kazi mlangoni.

DHAHABU YA MIGORI

Sasa twende Migori. Katika nchi ya Nyatike na Suna, dhahabu imetafutwa tangu zamani. Mgodi mkubwa wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wananchi hawakuacha kuchimba. Leo, penye machimbo kama ya Osiri, Masara na Macalder yenyewe, maelfu ya watu wanajitafutia riziki kwa sururu, karai na mashine za kusagia mawe. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo kuwa wafanyakazi halali wakipata kibali. Wanaume kwa wanawake wamo, na karo za shule nyingi hulipwa kwa kazi hiyo.

Mwamba ukisha sagwa, unga wake huoshwa kwa maji juu ya mteremko wa mbao uliotandikwa magunia, ili dhahabu iliyo nzito ikwame. Mchanga uliokwama hutiwa karaini pamoja na zebaki, ile madini ya majimaji ing'aayo kama fedha. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu. Mchimbaji hukamua mchanganyiko huo katika kitambaa, akabaki na donge dogo lenye dhahabu na zebaki, mara nyingi karibu nusu kwa nusu. Kisha huliweka donge juu ya moto. Zebaki hugeuka mvuke, na dhahabu hubaki.

Hapo ndipo penye hatari. Mchimbaji hufikiri kwamba zebaki imekwisha. Kumbe haikwisha, imehama tu. Ilikuwa kiganjani mwake, sasa imo katika hewa ya nyumba. Chembe ya zebaki ni nzito, zaidi ya mara sita ya chembe ya oksijeni, na kwa kanuni ya Graham huruka polepole kuliko oksijeni kwa kadiri ya mara mbili na nusu. Lakini huo polepole wake bado ni zaidi ya mita 150 kwa sekunde, na tena joto la moto huipandisha hewa na kuizungusha chumbani kama kijiko katika chai. Punde si punde mvuke uliotoka katika donge moja umeenea kila pembe, umefika penye mtungi wa maji, penye ugali, na penye kitanda cha mtoto mchanga.

Watu wengine husema, "Mvuke wa zebaki ni mzito, utakaa chini sakafuni." Neno hilo si la kutegemea. Ukisha changanyika na hewa na kuzungushwa na joto, huenea juu na chini. Mwingine hujifunga leso puani akajiona salama. Leso na barakoa za kawaida huzuia vumbi la mawe, na hilo ni jambo jema kwa msagaji. Lakini vumbi ni mlima mbele ya chembe moja ya zebaki. Tundu linalozuia vumbi ni lango wazi kwa mvuke.

Tena mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hii ndiyo tofauti yake kubwa na ngege wa yule mama wa Homa Bay. Harufu ya samaki huja na kutangaza kuwa imefika. Zebaki huingia bila hodi.

Sehemu nyingine ya mvuke hupoa juu ya mabati, kuta, sufuria na nguo, ikarudi kuwa matone madogo yasiyoonekana. Kwa kuwa zebaki hutoa mvuke hata bila moto, kwa joto la kawaida la mchana tu, nyumba iliyochomewa donge jana huendelea kutoa mvuke leo na kesho. Mama aliyefua nguo za kazi ameugusa. Mtoto aliyelala humo ameuvuta, ingawa hajawahi kukanyaga machimboni.

MLANGO WA MAPAFU

Mvuke ukisha vutwa, hufika mwisho wa mapafu, katika vifuko vidogo vya hewa vinavyohesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Vifuko hivyo vyote vikikunjuliwa na kutandazwa vingefunika sakafu ya chumba kikubwa cha darasa. Ukuta uliopo baina ya hewa na damu humo ni mwembamba mno, haufiki hata sehemu ya elfu moja ya milimita. Umewekwa hivyo kwa sababu tuliyokwisha itaja: mtawanyiko ni hodari katika safari fupi. Oksijeni ni nyingi katika hewa na haba katika damu inayorudi kutoka mwilini, basi huvuka. Hewa chafu ya kaboni ni nyingi katika damu, basi huvuka kuja nje. Mtu hulala usingizi, na kazi hiyo haisimami.

Lakini mlango huo hauna bawabu. Sheria ya mtawanyiko haiulizi kama anayeingia ni rafiki au adui. Zebaki iliyo nyingi katika hewa na haipo katika damu huvuka kama oksijeni ivukavyo. Katika kila sehemu kumi za mvuke uliovutwa, kiasi cha sehemu nane hubaki mwilini. Kutoka katika damu huingia katika ubongo na mafigo, na kwa mwanamke mwenye mimba huweza kuvuka hata kwa mtoto aliye tumboni. Ndipo baada ya muda mtu huona mikono yake ikitetemeka, usingizi ukimpotea, kumbukumbu ikipungua, na hasira zikimjia bila sababu. Wenzake husema amerogwa au amezeeka. Kumbe hakurogwa, wala hakuzeeka.

Kwa sababu ya hatari hizi mataifa yalikubaliana mwaka wa 2013 juu ya Mkataba wa Minamata, na Kenya ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi mwaka huohuo. Mkataba ulianza kutumika mwaka wa 2017. Jina lake linatokana na mji wa Japani ambako mwaka wa 1956 ilitambuliwa maradhi mabaya iliyowapata watu waliokula samaki wenye sumu ya zebaki iliyotoka kiwandani. Miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo unataka yakomeshwe ni kuchoma donge la zebaki peupe, na kulichoma katika makazi ya watu.

ZIWA NALO LAVUTA PUMZI

Tutoke katika hewa sasa, tuingie majini. Tukishuka kwenye gati la Homa Bay asubuhi, twaona maji ya Ghuba ya Winam yakienea mpaka upeo wa macho. Mtu aweza kudhani kuwa samaki, mwenye maji mengi namna hii, hana shida ya pumzi. Sivyo. Lita moja ya hewa ina zaidi ya miligramu 200 za oksijeni. Lita moja ya maji ya ziwa, hata yakiwa mazuri kabisa, ina kiasi cha miligramu 7 au 8 tu, na joto likizidi hupungua. Samaki ni kama mtu wa kipato kidogo: kila siku ana chakula, lakini hana akiba.

Samaki hupumua kwa matamvua, yale majani mekundu yaliyofichwa nyuma ya mashavu yake. Huko nako ukuta baina ya maji na damu ni mwembamba, na oksijeni huvuka kwa mtawanyiko uleule. Lakini lazima kwanza iwe imefika karibu naye. Nayo hufikaje? Mimea midogo ya majini huitengeneza mchana, penye mwanga wa jua. Nyingine huingia kutoka hewani kupitia uso wa maji. Msomaji ayakumbuke yale mahesabu yetu: kama ziwa lingetegemea mtawanyiko peke yake, oksijeni iliyoingia juu leo ingehitaji kadiri ya miaka minane kushuka mita moja tu. Samaki wa chini wangekwisha kufa zamani. Kinachowaokoa ni upepo. Upepo wa mchana unaotoka ziwani kuja nchi kavu, na ule wa usiku unaotoka nchi kavu, huyapiga maji, huinua mawimbi, huyapindua ya juu yakaenda chini. Upepo ndio kijiko cha ziwa.

Basi yatazameni mambo yanayokizuia kijiko hicho. Kwanza ni magugu maji, yaliyoingia katika ghuba mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kufunika sehemu kubwa za maji katika mwaka wa 1998. Yanapotanda kama mkeka, upepo haugusi maji, jua halipenyi, na majani yanayooza chini yake hula oksijeni iliyosalia. Pili ni mbolea za mashamba na maji machafu ya miji, ambayo huzidisha mimea ya kijani majini. Mimea hiyo hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huivuta kama viumbe wengine. Kwa hiyo saa ya hatari kwa samaki ni alfajiri, kabla jua halijachomoza.

Tatu ni msongamano. Katika miaka ya karibuni ufugaji wa ngege katika vizimba vya nyavu umeenea sana ziwani, nao umeleta faida kwa vijana wengi. Lakini samaki huru akiona maji mazito huondoka akatafute mahali pema. Wa kizimbani hana pa kwenda. Maelfu huvuta oksijeni mahali pamoja, na chakula kilichobaki huoza chini yao. Ukitokea upepo unaoyainua maji ya chini yaliyoishiwa na oksijeni, au pakawa na siku za utulivu mwingi, msiba huingia kwa usiku mmoja. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa upande wa Kenya wa ziwa walipata hasara kubwa, samaki wakafa kwa wingi vizimbani. Wataalamu wa utafiti wa uvuvi walitaja upungufu wa oksijeni kuwa chanzo.

FUNZO LA KAMONGO NA LA DARAJA LA MBITA

Wavuvi wa zamani walizijua dalili bila ya kusoma vitabu. Samaki wakikusanyika juu alfajiri, midomo wazi, wakihema, walijua maji yameharibika. Wale samaki wanatafuta ile ngozi nyembamba ya maji iliyo juu kabisa, mahali ambapo oksijeni imeingia kutoka hewani sasa hivi na haijatumika. Yuko samaki asiyeona taabu nyingi, naye ni kamongo. Kamongo amepewa mapafu. Hupanda juu, akameza hewa, akashuka zake. Anaishi katika vinamasi ambamo ngege angekufa kwa muda mfupi. Yeye ameuacha mlango wa maji, ulio na oksijeni kidogo, akautumia mlango wa hewa.

Funzo la pili ni la Mbita. Katika miaka ya 1980 kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na bara kwa tuta la mawe na udongo. Watu walifurahi kuvuka kwa miguu na kwa magari, na haki yao ilikuwa kufurahi. Lakini tuta liliuziba mlango wa maji baina ya ghuba na ziwa kuu. Maji yakadumaa, na magugu yakakusanyika. Baada ya miaka mingi palijengwa daraja badala yake, na mwaka wa 2017 maji yakapata tena njia chini ya watu wapitao juu. Twajifunza kwamba ziwa haliwezi kuachiwa mtawanyiko peke yake. Lazima maji yawe na nafasi ya kutembea.

MTO NI NJIA YA WOTE WAWILI

Mtu wa Homa Bay asiseme kwamba zebaki ni habari ya watu wa Migori tu. Mito ya Migori na Kuja hukutana na kumwaga maji yake ziwani huko Nyatike, na ziwa ni moja. Mchanga ulioshwa kwa zebaki ukiachwa kando ya vijito, mvua huuchukua. Katika tope la chini, vijidudu vyaweza kuigeuza zebaki kuwa sumu mbaya zaidi, inayoingia katika wadudu wa majini, kisha katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa wanaowala wadogo, ikizidi kila hatua. Sumu ya namna hiyo ndiyo iliyowadhuru watu wa Minamata. Haifai kungoja mpaka itudhuru sisi ndipo tushike tahadhari.

YALIYO KATIKA UWEZO WETU

Sheria ya mtawanyiko haitanguliwi na bunge wala na baraza la wazee. Lakini mwenye kuijua aweza kuitumia. Kwa mchimbaji, njia iliyo bora ni kuachana na zebaki kabisa, kwa kuosha mchanga vizuri zaidi na kuyeyusha dhahabu kwa boraksi pale inapowezekana. Asiyeweza bado, asichome donge peupe, bali alichome katika chombo kilichofunikwa chenye bomba linalopita katika maji baridi. Humo mvuke hupoa, ukadondoka tena kuwa zebaki, ikatumika mara ya pili. Afya imelindwa na fedha imeokolewa. Kazi hiyo ifanywe nje, mbali na nyumba, upande ambao upepo hauelekei kwa watu. Na watoto na wenye mimba wasiwe karibu. Nguo za kazi zisiingie ndani.

Kwa mfugaji wa samaki, kizimba na kiwekwe penye kina na maji yanayotembea, si katika kijighuba kilichotulia kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Samaki wasizidishwe, wala chakula kisimwagwe ovyo. Magugu yakisogea, kizimba kihamishwe. Na mlinzi wa alfajiri awe na macho: akiona samaki wanahema juu, asimamishe kulisha, awaite wataalamu wa uvuvi, na walio tayari kwa soko wavuliwe mapema.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ukitia tone la wino katika mtungi wa maji, likaenea, hakuna mkono utakaolikusanya tena. Zebaki ikiwa bado donge, iko katika uwezo wa mtu mmoja na koleo lake. Ikisha kuwa mvuke katika nyumba, haiko tena katika uwezo wa mtu yeyote. Kwa hiyo, ewe mchimbaji wa Nyatike, jioni ya leo utakaposhika donge lako ukatafuta makaa, litazame kwanza jiko lililo karibu, kisha mtazame mtoto aliyekaa kando yake. Chukua donge lako utoke nalo nje.